Kuwakinga waumini wa Meru na Embu dhidi ya mafundisho potofu

MIONGONI mwa mafundisho yanayoyasumbua makanisa ya Meru na Embu ni yale yanayodai kwamba Mkristo wa kweli hapaswi kwenda hospitalini. Madhehebu ya Kavonokia, yenye wafuasi Tharaka-Nithi, kaunti iliyo kati ya hizo mbili, yanajulikana kwa kukataa dawa na chanjo.

Historia ya eneo lenyewe yapinga dai hilo. Mwaka 1922 Dkt Archibald Irvine, mmishenari wa Kiskoti, alifika Chogoria, ambako kanisa, shule na hospitali vilikua pamoja. Wamethodisti walijenga hospitali Maua, nao Wakatoliki wa Consolata wakajenga Nkubu, Meru, na Kyeni, Embu.

Kinga ya kwanza ni muumini kujisomea. Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume 17:11, walisifiwa kwa kuyapima mahubiri ya Paulo mwenyewe kwa Maandiko. Ya pili ni kuuliza mhubiri anawajibika kwa nani: je, yuko chini ya sinodi, presibiteri au askofu?

Ya tatu ni sheria. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 chalinda uhuru wa kuabudu, lakini cha 53 champa kila mtoto haki ya kutibiwa. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, Kilifi, ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa. Anayejua kuna mtoto mgonjwa aliyenyimwa matibabu na amwarifu chifu mapema.