Mzigo Uliopimwa: Mwili na Tiba ya Saratani ya Matiti Katika Njia ya Tabora

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kwenda pwani katika karne ya 19 alijua uzito wa mzigo wake kabla hajautia begani. Kwa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukizidi mno, aligoma, au usiku alitoroka na kumwachia mwenye mali robota zake. Msafara uliondoka alfajiri, kambi ikapigwa kabla jua halijawa kali, na mapumziko yalidaiwa kama posho ilivyodaiwa. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006, anawaonyesha wapagazi hao kuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi na desturi za kazi yao. Sisemi njia ile ilikuwa ya heri. Ilipitisha watumwa pia, na ndui iliwamaliza wengi. Ila waliokuwa wakiishi kwa miguu na mabega yao walikuwa na kipimo, na kipimo ndicho ninachokikosa tunapozungumza na wanawake wanaotibiwa saratani ya matiti.

Reli ilifika Tabora 1912, na mgonjwa wa leo hufuata karibu njia ileile kuelekea Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au hupanda kaskazini hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Safari yenyewe imefupika, tiba haijafupika. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, penye Tabora ya leo, walikofika Novemba 1857; mizunguko ya kemo (tiba ya dawa za saratani), ambayo mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu, huweza kuchukua muda kama huo, ukiacha upasuaji na mionzi. Katika miezi hiyo mwanamke husikia kauli mbili. Ndugu humwambia, "Mama, wewe kaa tu, usiguse kitu." Mtaalamu aliyesoma miongozo mipya humwambia afanye mazoezi. Kauli zote mbili ni za wema, na zote mbili hazina kipimo.

Kauli ya kukaa tu ndiyo iliyopitwa na wakati zaidi. Uchovu wa kemo hauondoki kwa usingizi kama uchovu wa jembe. Anayelala kutwa nzima huamka amechoka zaidi, misuli ikinywea na moyo ukizidi kuwa mzito. Jopo la kimataifa lililoongozwa na wataalamu wa tiba ya michezo wa Marekani lilitoa mwongozo 2019: mwendo wa nusu saa, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Tusitie chumvi, hata hivyo. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2007, wa wanawake 242 waliokuwa kwenye kemo, haukuonyesha tofauti ya uhakika katika ubora wa maisha kwa jumla. Ulichoonyesha ni kwamba waliofanya mazoezi walijithamini zaidi, na walionyanyua vyuma walimudu kupata dozi zao za kemo kwa ukamilifu zaidi. Kwangu hilo si dogo.

Lakini tafiti hizi zilifanywa kwa wanawake wengi ambao maji yao hutoka bombani jikoni. Mpelekee mwongozo huo mwanamke wa kijijini Sikonge au Uyui, atakuuliza kama kulima tumbaku si mazoezi. Swali lake ni la haki.

Tuitazame ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo 20. Ngata imekaa kichwani, lakini kabla ya kufika hapo ndoo huinuliwa kutoka chini kwa mkupuo mmoja, na njia nzima mkono mmoja hubaki juu umeshika ukingo. Kama tezi za kwapani zilitolewa pamoja na titi, mkono wa upande huo umepoteza sehemu ya mifereji yake ya limfu, na unaweza kuvimba. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mfupi: usibebe chochote kizito kwa mkono huo. Utafiti wa Kathryn Schmitz na wenzake, uliochapishwa 2009, uliupinga. Wanawake 141 waliokwisha kuvimba mkono waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na vyepesi sana na kuongeza kidogo kidogo. Uvimbe ulizidi kuwa mbaya kwa asilimia 14 tu ya hao, dhidi ya asilimia 29 ya wasionyanyua. Mkono ulihitaji mzigo, ila mzigo ulioanza mdogo na kukua polepole. Ndoo iliyojaa siku ya kwanza baada ya kurudi nyumbani ni kinyume cha utafiti huo, na marufuku ya maisha yote nayo ni kinyume chake.

Kwa hiyo naona cheti cha tiba kiandikwe kwa vipimo vya nyumbani: dumu la lita 3 au 5 kwanza, kuongeza kwa wiki ikiwa mkono haujavimba, jembe lisubiri, na matembezi ya asubuhi yawepo hata siku zisizo na kazi. Anayesubiri mionzi kwa ndugu Dar es Salaam ana shida ya kinyume, yaani kukaa kutwa sebuleni. Yeye aandikiwe dakika za kutembea.

Tahadhari ni kubwa. Nchini, wagonjwa wapatao wanane kati ya kumi hugunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Uliofika kwenye mifupa huweza kuivunja kwa mzigo mdogo tu, na mwenye homa au upungufu mkubwa wa damu hana la kufanya ila kumwona daktari kwanza. Ndiyo maana kipimo cha mzigo hakiwezi kutolewa kwa tangazo ukutani.

Ombi langu kwa wenzangu wa kliniki ni dogo: kabla mgonjwa wa Sikonge hajakata tiketi ya kurudi, aulizwe kisima kiko umbali gani, ndoo yake ni ya lita ngapi, na nani mwingine nyumbani anaweza kuibeba.