Bwawa la Marib na Bwawa la Solai: Nani Anautazama Ukuta?

 

Wengi wetu tunaoswali hapa Kibuli tuna jamaa wenye ng'ombe kijijini, Nakasongola, Sembabule au Nyabushozi, na katika shamba lao kuna bwawa la udongo. Babu alilichimba, au mjomba alikodi tingatinga kwa siku chache, tuta likasimama, mvua ikajaza maji, ng'ombe wakanywa. Basi! Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena habari za tuta lile. Ndiyo maana leo tunasimulia historia ya mabwawa ya namna hiyo, tukianza na lile ambalo kila mtoto aliyepita madrasa amelisikia.

Bwawa la Marib, katika nchi ya Saba huko Yemen, lilikuwa tuta la udongo lililovikwa mawe upande wa maji. Urefu wake ulikaribia mita 600, na kila mwisho palikuwa na milango ya mawe ya kupeleka maji mashambani. Kisa cha Sayl al-Arim kimo katika Suratu Saba. Tulipokuwa wadogo tulidhani bwawa lilisimama tu mpaka siku moja likaondoka. Kumbe maandishi yaliyochongwa katika mawe ya Marib yanaonyesha kwamba lilibomoka mara kadhaa na likatengenezwa tena, na kwa namna hiyo likaishi zaidi ya miaka elfu moja.

Mmoja wa waliolitengeneza mnamo mwaka 548 ni Abraha, huyo huyo tunayemjua kwa kisa cha tembo. Aliacha jiwe lenye maandishi marefu. Humo alitaja makabila yaliyoitwa kufanya kazi, unga, tende na wanyama wa kuchinjwa waliolishwa watu hao. Fikirini gharama hiyo, na ilikuwa ya ukarabati tu! Baada ya hapo utawala ulidhoofika, vita vikawa vingi, na mwishoni mwa karne ile ya sita bwawa likavunjika lisijengwe tena. Watu wakahama.

Baadhi ya wafasiri wamesimulia kwamba ni panya aliyeutoboa ukuta. Wanafunzi, msicheke. Wahandisi wa leo wanaokagua mabwawa ya udongo hutafuta mashimo ya wanyama. Tuta la udongo lina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni maji kupita juu yake, kwa sababu udongo unaopitiwa na maji ya kasi huchimbika na kuondoka kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo kila bwawa linahitaji mkondo wa pembeni wa kutolea maji yaliyozidi, mpana na usioziba. Wa pili ni maji yanayopenya ndani kwa ndani kupitia shimo la fuko, njia ya mchwa, au mzizi wa mti uliooza. Maji yakitokea nyuma ya tuta yakiwa safi, yafuatilieni. Yakitoka na tope, jueni yanabeba udongo wa tuta lenyewe.

Habari ya mkondo kuziba si ya Afrika peke yake. Huko Pennsylvania, Marekani, klabu ya matajiri ilinunua bwawa la zamani la udongo la South Fork kwa ajili ya kuvua samaki. Wakalishusha tuta kidogo ili magari ya farasi yapishane juu yake, na wakaweka nyavu za chuma kwenye mkondo ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba nyavu, maji yakapita juu, na mji wa Johnstown ulio chini yake ukapoteza watu 2,209. Nasi tunao jamaa wanaofuga ngege katika mabwawa yao, na tumeona wenyewe nyavu za namna hiyo.

Sasa tuje kwa majirani zetu. Usiku wa Jumatano tarehe 9 Mei 2018, siku chache kabla ya Ramadhani, bwawa la shamba la watu binafsi lilipasuka katika vilima vya Solai, kaunti ya Nakuru, Kenya. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali kupita kiasi. Maji na matope yaliteremka gizani hadi vijiji vilivyo chini, watu wakiwa majumbani mwao, na watu 48 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mamlaka ya maji ya Kenya ilisema bwawa lile halikuwa na kibali. Seneti iliunda kamati ya uchunguzi, na mwaka ule ule mwenye shamba, meneja wake na maafisa kadhaa wa serikali walishtakiwa. Mwaka 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia, baadaye Mahakama Kuu ikaamuru kesi isikilizwe upya. Sisi hatuhukumu. Linalotuumiza ni kwamba waliokufa hawakuwa na ng'ombe wa kunywa maji yale wala shamba la kumwagilia. Bwawa lilikuwa juu, wao walikuwa chini.

Hapa Uganda Sheria ya Maji na kanuni zake za mwaka 1998 zinamtaka anayejenga bwawa awe na kibali cha serikali. Wengi hudhani sheria hiyo ni ya mabwawa ya umeme tu.

Likizo ikifika na watoto wakienda kijijini, na wapande juu ya tuta pamoja na babu yao baada ya mvua. Watazame pale ng'ombe walipokanyaga pakashuka, kwani maji yatapita hapo kwanza. Miti midogo ing'olewe kabla haijawa mikubwa, majani yafyekwe yawe mafupi ili mashimo yaonekane, na ng'ombe wawekewe njia yao ya kunywea mbali na tuta. Wakiona maji ya tope nyuma ya tuta, kwanza wawaamshe na kuwahamisha wanaolala bondeni, kisha ndipo wampigie simu afisa wa maji wa wilaya.