Pumu au Ugonjwa Sugu wa Njia za Hewa? Jina na Historia ya Dawa Mseto za Kuvuta

Mwaka 2007, utafiti wa TORCH, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 6,000 wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ulionyesha kuwa kuvuta salmeteroli pamoja na flutikasoni, ambayo ni steroidi, hupunguza vipindi vya ugonjwa kuzidi. Hata hivyo, waliotumia flutikasoni walipata nimonia zaidi. Hapo jina la ugonjwa likapata uzito mpya: katika pumu, steroidi ya kuvuta ni nguzo ya tiba, katika ugonjwa huu, ni nyongeza inayohitaji tahadhari. Mahali ambapo magonjwa yote mawili huitwa pumu, tofauti hiyo hufifia. Kwa hiyo, istilahi mahususi katika miongozo ya tiba si pambo la lugha, bali ni kinga ya mgonjwa.