Nyumba Zilizojengwa Juu ya Upepo

Mwaka 1941, katika mji mdogo wa Falls Church, jimbo la Virginia nchini Marekani, mafundi walijenga nyumba wakianza na puto. Kwanza walimwaga jamvi la zege la duara. Juu yake wakalaza puto kubwa la kitambaa kilichopakwa mpira, wakalifunga pembezoni kwa nyaya za chuma ili lisiruke, kisha wakalijaza upepo mpaka likasimama, refu kuliko mtu. Wakalivika wavu wa chuma na kulirushia zege kwa bomba. Zege liliposhika walifungua upepo, puto likanywea, wakalikokota nje kupitia uwazi wa mlango ili likatumike kwenye jamvi jingine. Ndani kilibaki chumba kisicho na nguzo wala boriti, na hapakuwa na mrunda hata mmoja wa kung'oa.

Aliyebuni ujenzi huo alikuwa mtu ambaye usingemdhania. Wallace Neff, mzaliwa wa California mwaka 1895, alijipatia jina kwa kuwachorea matajiri wa Hollywood majumba ya vigae vyekundu na nyua za Kihispania. Miongoni mwa kazi zake ni ukarabati wa Pickfair, kasri la waigizaji Mary Pickford na Douglas Fairbanks. Inasimuliwa kwamba wazo la puto lilimjia mwaka 1934 akinyoa ndevu, alipoona povu la sabuni limesimama kwenye beseni. Pengine hadithi hiyo imetiwa chumvi, maana wavumbuzi hupenda kuzaliwa kwa mawazo yao kusimuliwe hivyo. Tatizo alilolishughulikia, hata hivyo, lilikuwa la kweli na la zamani sana.

Zege bichi ni uji: hufuata umbo la chombo lilimomiminwa. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, fundi hulazimika kujenga kwanza kitu kingine cha mbao au chuma, yaani kalibu, na mara nyingi humo ndimo pesa zinamoishia. Yeyote aliyewahi kumwaga slabu ya ghorofa anajua bili ya mbao na mirunda inavyouma, hasa anapoona mbao hizo zinabanduliwa zimepasuka na kujaa misumari. Kama kinachojengwa kina uwazi ndani, mathalani bomba, tangi, handaki au kuba, kuna adha nyingine. Kalibu ya ndani inabaki kifungoni, zege limeibana kila upande. Ama uivunje ukiwa ndani, ama uwe umeitengeneza tangu mwanzo iweze kujikunja.

Watu wa kale walichagua kuvunja. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43, limesimama takriban miaka 1,900, lakini lilipojengwa lilibebwa na msitu wa magogo yaliyobomolewa baadaye. Pwani yetu nayo ina mfano wake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipopanuliwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mafundi waliezeka makuba na matao kwa chokaa na vipande vya matumbawe. Kuba lake kubwa halikupata mshindani pwani nzima ya Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Makuba hayo yalilazimika kutegemezwa kwa mbao kutoka chini mpaka chokaa ishike, na chokaa haina haraka.

Karne ya 20 ilipoanza, saruji ya viwandani ikawa rahisi kupatikana, na watu wakaanza kuota nyumba za kumiminwa kwa mkupuo. Thomas Edison, ambaye mbali na taa alikuwa na kiwanda cha saruji, aliomba hataza mwaka 1908 ya kalibu ya chuma ya nyumba nzima: kuta, ngazi, paa, hata beseni la kuogea. Zege lingemiminwa juu ya paa na kushuka lenyewe mpaka msingini. Mwaka 1917 nyumba chache za mtindo huo zilisimama mjini Union, New Jersey, na baadhi zinakaliwa hadi leo. Kilichomwangusha Edison ni kalibu yenyewe. Ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000, na bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa mkandarasi yeyote aliyetaka kujenga nyumba moja au mbili. Mpango wa kuwapa maskini nyumba za bei nafuu ulidai tajiri wa kununua chuma kwanza.

Jibu la kudumu lilitoka mahali pasipo na fahari: kwenye mitaro ya maji taka. Mwaka 1906, mjini Pittsburgh, ilianzishwa kampuni ya Blaw iliyouza kalibu za chuma za kujikunja kwa ajili ya mitaro na mahandaki. Ujanja wake ni mwepesi kuuelewa. Chukua mcheduara wa bati zito, upasue kwa urefu, na mahali pa mpasuko utie bawaba au kabari. Ukikaza, mcheduara unatanuka na kuwa kamili, nao unabeba zege. Ukilegeza, unajikunja kwa sentimita chache tu, na hizo zinatosha. Kalibu inaachana na zege, inasukumwa mbele, inakazwa tena. Seti moja ya chuma iliweza kumwaga kilomita nyingi za mtaro, na hapo ndipo hesabu iliyomshinda Edison ilipokubali.

Makuba yalihitaji mashine ya namna nyingine, na aliyeileta alikuwa mkaushaji wa wanyama. Carl Akeley alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, akitengeneza tembo na chui wa maonyesho. Jumba hilo lilikuwa kwenye jengo lililosalia kutoka maonyesho ya dunia ya 1893, na kuta zake za nje zilikuwa zinamomonyoka. Mwaka 1907 Akeley alibuni bomba la kurusha plasta kwa mgandamizo wa hewa ili kuzikarabati. Akaliboresha lirushe saruji, na mwaka 1911 akapata hataza. Mchanga na saruji vikavu vilisukumwa na hewa ndani ya mpira, vikakutana na maji mdomoni pa bomba, na kugonga ukuta kwa nguvu iliyovishindilia papo hapo. Zege hilo lilipewa jina la guniti, na mabwawa ya kuogelea ya California hayangekuwa mengi kiasi kile bila hilo.

    

Neff alichukua bomba la Akeley na puto lililotengenezwa na Goodyear, kampuni ya matairi, akaviunganisha. Kwa kuwa puto lilisukuma zege sawasawa kila upande, kuba lilitoka na umbo ambalo uzito wake hushuka hadi chini bila kulivuta zege sana, na kuvutwa ndiko zege lisikokuweza. Ndiyo maana ganda jembamba liliweza kujibeba. Fundi alirusha tabaka la kwanza, akaweka kizuia joto, kisha akarusha la pili. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeanza, na serikali ya Marekani ilitafuta nyumba za haraka zisizokula mbao wala chuma kingi. Falls Church ilikuwa majaribio.

Barani Afrika mtindo huo ulipata soko kubwa kuliko ulivyopata kwao. Baada ya vita, Dakar, makao makuu ya shirikisho la makoloni la Afrika Magharibi ya Kifaransa, ilikuwa na uhaba mkubwa wa makazi. Kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 zilijengwa huko nyumba za puto takriban 1,200, katika maeneo kama Ouakam na Zone B.

Wakazi wa Dakar waliziishi kwa namna yao. Nyumba ya pembe nne, familia ikiongezeka, huongezwa chumba ubavuni. Kuba halina ubavu. Basi watu walijenga vyumba vya matofali kuzunguka kuba, wakainua uzio, wakaweka jiko uani, mpaka kuba likamezwa na kuwa sebule katikati ya nyumba ambayo Neff hakuichora. Baadaye thamani ya viwanja ilipanda, na makuba mengi yakabomolewa kupisha maghorofa. Machache yaliyobaki yamechomoza katikati ya majengo, vipara vyeupe ambavyo mgeni huvishangaa.

Kule Falls Church mambo hayakuwa bora. Kabati halikukaa kwenye ukuta uliopinda, kitanda kiliacha pembe tupu nyuma yake, unyevu uliganda ndani ya kuta, na wapita njia walisimama kuchungulia. Majirani waliupachika mtaa huo jina la kijiji cha igluu, zile nyumba za theluji za Waeskimo. Nyumba hizo zilibomolewa mwaka 1961. Nchini Marekani, iliyobaki ni ile iliyojengwa mwaka 1946 huko Pasadena kwa ajili ya Andrew, nduguye Neff. Neff, mchoraji wa makasri, alihamia humo uzeeni, na alifariki mwaka 1982.

Mwitaliano Dante Bini alikwenda mbali zaidi. Alikuwa mcheza tenisi, akazoea kuona viwanja vinavyofunikwa kwa paa la upepo wakati wa baridi. Akajiuliza kwa nini zege lirushwe juu ya puto lililokwisha jaa. Kwa nini lisimwagwe chini, kwenye puto lililolala, kisha puto liliinue? Mwaka 1964, huko Crespellano karibu na Bologna, alifanya hivyo. Kikwazo kilikuwa nondo, kwa sababu nondo hainyooki kama mpira. Bini alitumia springi ndefu zilizopitishiwa vyuma, zikawa zinafunguka kadiri kuba lilivyoinuka. Zege bichi la upana wa mita 12 lilipanda hewani kwa muda wa saa chache. Mwaka 1967 alirudia onyesho hilo kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mbele ya wahandisi ambao hawakuwa na hakika kama wangeona jengo au ajali.

Umaarufu ukafuata. Mwongozaji filamu Michelangelo Antonioni na mwigizaji Monica Vitti walijengewa kuba la likizo kwenye pwani ya Sardinia. Serikali ya jimbo la New South Wales, Australia, ilimwita Bini katika miaka ya 1970 ajenge kumbi na maktaba za shule. Lakini puto haliwezi kupimwa kwa timazi. Likiinuka kombo kidogo au zege likiteleza upande mmoja, ganda linatoka na unene usiolingana, na kasoro hiyo haionekani kwa macho. Mwaka 1986 kuba la shule ya Pittwater, Sydney, liliporomoka.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kalibu yake ya kunywea, ya bei ya gunia. Katika miaka ya 1970, kituo cha teknolojia ya vijijini cha Karen, Nairobi, kilichokuwa chini ya UNICEF na serikali ya Kenya, kilifundisha utengenezaji wa mitungi ya saruji ya kuvunia maji ya mvua. Gunia lililoshonwa kwa umbo la mtungi lilisimamishwa juu ya kitako cha zege, likajazwa mchanga au maranda, likapigwapigwa kwa ubao mpaka likawa na mviringo mzuri, kisha likapakwa plasta. Plasta iliposhika, vilivyomo vilichotwa kwa mdomo wa mtungi, gunia likalegea na kuvutwa nje. Kanuni ni ile ile ya Neff, bila Goodyear. Kituo hicho kilijaribu pia kupaka saruji kwenye ghala, lile kapu la kusuka la kuhifadhia nafaka. Hapo kalibu haikutolewa. Fito zilioza na kuliwa na mchwa ndani ya saruji, na matangi mengi yakapasuka.

Ukiyapima yote haya, puto limefaa zaidi pale ambapo hakuna anayetaka kutundika picha ukutani: maghala, matangi, kumbi za michezo. Mwaka 1975 David South na nduguze walijenga ghala la viazi huko Idaho kwa kupuliza zege kutoka ndani ya puto na kuliacha puto lenyewe liwe ngozi ya nje, na maghala ya namna hiyo yangali yanajengwa. Kwa nyumba za kuishi, hukumu ilishatolewa na wakazi wa Dakar.

Kalibu iliyoshinda ni ile ya mtaroni. Ukipita karakana yoyote ya kando ya barabara wanapotengeneza kalvati na pete za visima, utaiona: mcheduara wa bati mkubwa kwa nje, mdogo kwa ndani, wote wamepakwa oili chafu ili zege lisigande. Kabari ikigongwa, ule wa ndani unajikunja na kutoka. Mafundi huifungua kesho yake, maana kalibu ni moja na oda ni nyingi. Hilo si kosa. Kosa ni kuiacha pete ikauke juani bila maji. Kabla hujalipia, uliza imemwagiliwa kwa siku ngapi, na ukiambiwa pungufu ya 7, tafuta karakana nyingine.