Kutoka Kaya Fungo hadi Uyombo: Watetezi wa Ardhi na Bahari ya Kilifi

Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti. Mwaka mmoja kabla, kiongozi wao Mekatilili wa Menza na mzee Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamewakusanya watu pale wale viapo: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Walikataa kodi, kazi ya kulazimishwa na amri ya kuhama kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Wawili hao walihamishiwa Kisii. Wakatoroka, wakarudi nyumbani kwa miguu. Serikali ya kikoloni iliwaita waasi. Msitu waliougombea, pamoja na kaya nyingine zilizotunzwa na wazee wa kambi kwa miiko ya kutokata mti ovyo, sasa umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008.

Uhuru haukumaliza ugomvi huo. Katika ukanda wa viwanda vya chumvi wa Magarini, kutoka Gongoni hadi Marereni na Kurawa, wakazi walilalamika kwamba wamefurushwa, mikoko imefyekwa na maji ya visima yameingia chumvi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipofanya uchunguzi wa hadharani, na kutoa ripoti 2006, wanavijiji walipata mahali pa kusema na kuandikwa. Huko Dakatcha, wakazi na wahifadhi walipinga mpango wa kulima mbono kwenye hekta 50,000 za msitu, na mpango ukazimwa.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliwapa watetezi silaha mpya. Kifungu cha 42 kinatambua haki ya mazingira safi. Cha 70 kinamruhusu mtu kushtaki bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Lakini mlalamikaji akishapewa mlango wa mahakama, bado hajapewa ulinzi akiwa njiani. Katika kaunti jirani ya Mombasa, mwanaharakati Phyllis Omido alipopinga kiwanda kilichosambaza sumu ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, alikamatwa 2012 na kushtakiwa kwa uchochezi, kisha akaachiliwa. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamuliwa 2020, ikapingwa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Mei mwaka huo huo, wakazi wa Uyombo, kwenye ufuo wa Watamu, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia karibu na hori ya Mida na hifadhi ya baharini iliyotengwa 1968. Polisi waliwatawanya kwa nguvu. Wengine walijeruhiwa, wengine wakakamatwa.

Mashtaka yamegeuka kutoka uasi hadi uchochezi, lakini bado mtetezi ndiye anayeulizwa kwanza. Pale watu wa Kilifi walipofanikiwa, hawakumwacha mmoja asimame peke yake: kulikuwa na kijiji, wanasheria, wahifadhi na taasisi ya umma iliyosikiliza. Serikali inayojiita ya kidemokrasia inapaswa kuuliza mradi una athari gani kabla ya kumuuliza mwananchi kwa nini anaupinga.