Shazia, Cherehani na Lumbesa: Historia Fupi ya Mdomo wa Gunia

Barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida hupita Ikungi, makao makuu ya wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Singida Vijijini. Ni nchi ya Wanyaturu, watu wa mtama, uwele, dengu, vitunguu na alizeti. Katika nchi hii, kama ilivyo kwingi Tanzania, mavuno huondoka shambani ndani ya gunia ambalo mara nyingi limejazwa kupita mdomo wake. Juu ya mdomo huo hujengwa kichwa cha mazao, kikafungwa kwa kamba iliyofumwa huku na huku kama wavu. Kichwa hicho kina jina linalojulikana kwa kila mkulima na kila mbunge: lumbesa.

Tumeijadili lumbesa kwa miaka mingi kama suala la tamaa ya wanunuzi na uzembe wa wasimamizi. Ni kweli, lakini ukweli huo haujakamilika. Lumbesa ina chombo chake. Haiwezekani bila sindano ya mkono, ile ambayo kamusi zetu huiita shazia. Atakayefuatilia historia ya sindano hiyo, na ya mashine iliyobuniwa kuchukua nafasi yake, ataona kwa nini sheria peke yake imeshindwa kumlinda mkulima.

Tuanze na gunia lenyewe. Majina ya gunia na debe yote yametufikia kutoka Bara Hindi, na vitu vyenyewe vilikuja kwa njia iyo hiyo ya biashara. Kabla yake, mazao ya nyanda za kati yalikaa katika vihenge na vilindo, vyombo vya kuhifadhia nyumbani, si vya kusafirishia mbali. Gunia ni chombo cha soko la mbali. Lilifumwa kwa nyuzi za juti zilizolimwa Bengal. Katika karne ya 19 mji wa Dundee huko Uskoti ulitajirika kwa kusokota nyuzi hizo, hadi viwanda vya Kalkuta na vitongoji vyake, vilivyoanza Rishra mwaka 1855, vilipoupiku.

Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipanda karibu na Pangani miche 62 ya mkonge, iliyosalia hai kati ya 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida. Kufikia mwaka 1964 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Taifa changa likajenga viwanda vya kufuma magunia kwa katani yake, Moshi na Morogoro, kwa hoja ya msingi kabisa: nchi inayouza mazao haifai kuagiza chombo cha kuyabebea. Baadaye ikaja mifuko ya plastiki iliyofumwa, ambayo wananchi huiita salfeti, myepesi na ya bei ndogo, nayo ikayasukuma kando magunia ya katani.

Angalia mpangilio huo: juti, katani, plastiki. Kitambaa kimebadilika mara mbili, ila kwa mkulima wa Ikungi namna ya kukifunga haikubadilika hata mara moja. Ni shazia na kamba, tangu siku za babu yake.

Haikuwa hivyo kwa sababu mashine haikuwepo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mchoro wa kwanza kamili wa cherehani haukukusudiwa kushona mashati. Mwaka 1790 fundi samani wa London, Thomas Saint, alisajili hataza ya mashine ya kushona ngozi na turubai. Aliuelewa ugumu wa kitambaa kizito: sindano nyembamba huvunjika au kupinda. Kwa hiyo aliweka msumari wa kutoboa tundu kwanza, kisha sindano ikafuata kupitisha uzi. Mchoro wake ulizikwa kwenye makabati ya ofisi ya hataza hadi ulipogunduliwa miaka ya 1870. Wakati huo Elias Howe alikuwa amekwisha kupata hataza yake Marekani mwaka 1846 na cherehani za nguo zilikuwa zimeenea duniani. Katikati ya hao, Mfaransa Barthélemy Thimonnier aliweka mashine 80 mjini Paris kushona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi cherehani wa mkono, wakihofia mkate wao, walizivamia na kuzivunja. Tuukumbuke mkasa huo, kwa maana tutaurejea.

Mashine za leo za kufunga magunia ni wajukuu wa wazo la Saint. Ile ndogo hushikwa kwa mkono na kuendeshwa kwa umeme. Ina sindano nene na ndoano chini yake, pamoja na meno yanayousogeza mdomo wa gunia. Cherehani ya nguo hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, na ule wa chini hukaa katika kibobini kidogo kinachoisha upesi. Mashine ya magunia hushona mnyororo: kila kitanzi hupita ndani ya kitanzi kilichotangulia, uzi ukatoka moja kwa moja kwenye gurudumu kubwa. Mshono huo una sifa mbili. Huenda kasi bila kusimama kubadilisha kibobini, na ukiuvuta kutoka mwisho ulio sahihi hufumuka wote kwa mkupuo, gunia likafunguka bila kuchanwa.

Ipo sifa ya tatu, ambayo kwa hoja yetu ndiyo kubwa. Mashine haiwezi kushona mdomo wa gunia mpaka kingo zake mbili zilale bapa, zikigusana. Ili kingo zigusane, lazima ibaki nafasi juu ya mazao. Shazia haina sharti hilo. Mshonaji hodari huweza kuziacha kingo zikiwa zimetengana kwa shubiri nzima, akafuma kamba kati yake na kuufunika mlima wa vitunguu. Kwa maneno mengine, mashine hulazimisha gunia kuwa na mwisho, hali shazia huuacha mwisho huo mikononi mwa mwenye kamba.

Na mwenye kamba ni nani? Hapa historia ya siasa inaingia. Baada ya uhuru, Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo iliundwa mwaka 1963, kisha Shirika la Taifa la Usagishaji likashika ununuzi wa nafaka kuanzia mwaka 1973. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa. Mfumo huo ulikuwa na kasoro nyingi, ukiwemo ucheleweshaji wa malipo, lakini walau mazao yalipitia kituo chenye mizani. Biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980, mnunuzi binafsi alifika hadi shambani na fedha taslimu mkononi. Kwa kawaida alikuja pia na magunia yake na washonaji wake. Mizani ikabaki mjini.

Tuchukue mfano. Mkulima anauza magunia kumi kwa bei ya gunia la kilo 100, na kila gunia limejazwa hadi kilo 130. Ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu. Pale ushuru unapohesabiwa kwa idadi ya magunia, halmashauri nayo imepoteza sehemu yake ya hayo matatu. Mpagazi anayeupakia mzigo huo kwenye lori amebeba mgongoni zaidi ya mara mbili ya kilo 55, kikomo cha mwanamume mzima kilichopendekezwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967.

Serikali haikukaa kimya. Tunayo Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 tunao Wakala wa Vipimo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi: kanuni zao za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Lakini kikomo cha uzito kina tundu lake. Alizeti ni nyepesi, na gunia lililovimba laweza lisifike kilo 100, hivyo likapita kizuizini bila kosa huku mkulima akiwa amekwisha kupunjwa. Udanganyifu hufanyika shambani, ukaguzi hufanyika barabarani.

Sasa linganisha. Gunia la sukari au la mbolea linaloingia Ikungi kutoka kiwandani limefungwa kwa mashine na uzito wake umechapwa ubavuni. Gunia linalotoka Ikungi limefungwa kwa mkono na uzito wake haujulikani. Mkulima hununua kwa kilo na kuuza kwa kichwa. Katika tofauti hiyo ya mishono miwili ndimo umaskini unamopenyea.

Je, kifaa kidogo chaweza kubadilisha uhusiano wa namna hiyo? Historia yetu inao mfano. Katikati ya miaka ya 1980, Arusha, ilibuniwa mashine ya mkono ya kukamua alizeti iliyopewa jina la mbunifu wake, Carl Bielenberg. Ilitengenezwa na mafundi wa humu nchini na kuendeshwa kwa mkono vijijini. Mkulima aliyekuwa akiuza mbegu tu akaweza kuuza mafuta na kubaki na mashudu. Shirika la SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina wajibu wa kuendeleza viwanda na zana za namna hiyo. Mashine ya kufungia magunia iliyoboreshwa, imara na inayoweza kutumia betri au nishati ya jua, ikikaa pamoja na mizani katika ghala la kijiji, si ndoto ya kupindukia. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 imekwisha kutoa mahali pa kuiweka.

Natoa tahadhari mbili. Kwanza, mashine haina dhamiri. Inaweza pia kuunganisha magunia mawili kuwa moja kubwa, na lumbesa ikarudi ikiwa na mshono mzuri zaidi. Mizani ndiyo hakimu, cherehani ni karani wake. Pili, washonaji wa shazia ni vijana wanaolipwa kwa gunia. Tukiwanyima riziki bila kuwapa nafasi, tutakuwa tumesahau Paris ya mwaka 1831. Wao ndio wafundishwe kuwa waendeshaji wa mashine hizo, nao wawe waajiriwa wa chama cha wakulima badala ya mnunuzi.

Mtumishi wa halmashauri anayesoma makala hii ana swali la kupeleka katika kikao kijacho cha bajeti: wilaya yetu ina maghala mangapi yenye mizani iliyohakikiwa, na ndani yake nani hushika sindano?