Mjane, Mrithi na Kanisa

Kiswahili kina majina mawili kwa watu wawili waliopatwa na msiba wa namna moja. Mwanamke aliyefiwa na mumewe huitwa mjane, na mwanamume aliyefiwa na mkewe huitwa mgane. Jina la kwanza hulijua kila mtoto; la pili wako wasomi wasiopata kulitumia hata mara moja. Nadhani sababu yake ni kwamba msiba wa mgane haukuwa na shauri la kuamuliwa: alizika, alilia, na siku zilipotimia alioa. Mjane ndiye aliyewekewa kikao. Akae wapi, alime shamba la nani, wanawe waitwe kwa jina la nani, naye awe chini ya ulinzi wa nani; yote hayo yalisemwa mbele yake, na mara nyingi pasipo yeye kuulizwa.

Katika kurasa hizi nataka kutazama jinsi imani ya Kikristo ilivyoingia katika kikao hicho, hasa katika nchi za mashariki ya ziwa Victoria, kwa Wajaluo na jirani zao.

Yafaa tuanze na mila yenyewe. Kwa Wajaluo mauti hayakuvunja ndoa. Ukoo ulikuwa umetoa mahari, na mwanamke alikuwa ameolewa katika ukoo; mumewe alipokufa aliitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Ndugu wa marehemu aliyeingia nyumbani mwake, jater, hakuwa mume mpya. Alikuwa mtu wa kushika mahali. Watoto waliozaliwa naye walihesabiwa kuwa watoto wa marehemu, wakalichukua jina lake na haki zao katika ardhi yake. Pasipo jater mjane hakuweza kufungua msimu wa kupanda wala wa kuvuna kwa utaratibu wa mila, na wanawe waliweza kuzuiwa kujenga nyumba zao. Aliyeuruka utaratibu huo alihofiwa kujiletea chira, balaa ambayo humkondesha mtu na kuwaangamiza wanawe. Wakuria nao walikuwa na desturi ya nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenziwe kwa ng'ombe, ili nyumba yake isizimike. Mila hizi hazifanani, lakini zote zaogopa jambo moja: nyumba kufutika.

Msomaji wa leo huiona upesi dhuluma iliyokuwamo, na kweli ilikuwamo. Lakini haifai kuhukumu paa pasipo kuitazama mvua. Katika karne ya 19 mvua hiyo ilikuwa kali. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa kanisa la Moravian katika nchi ya Wasafwa, kusini magharibi mwa Tanganyika, aliandika maisha ya mwanamke mmoja mzee aitwaye Narwimba, na baadaye mwanahistoria Marcia Wright akayaeleza upya. Narwimba alifiwa na mumewe katika zama za biashara ya watumwa, akiwa na mtoto wa kulea. Hakungoja kurithiwa, alikwenda mwenyewe kumwomba jamaa wa marehemu amchukue, kwa kuwa mwanamke asiye na wa kumsimamia aliweza kutekwa, kutolewa kwa deni au kuuzwa, yeye na wanawe. Kwake yeye mrithi alikuwa ngome. Naye asingaliomba ngome kama kungekuwa na njia nyingine ya kulala usingizi.

Sasa njoo wamisionari. Anglikana walifungua Maseno mwaka 1906, na mwaka huo huo Wasabato wakafika Gendia. Wamenoniti walianza Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll waliingia Musoma mwaka 1946. Walitofautiana katika mambo mengi, wakapatana katika hili, kwamba Mkristo hawezi kurithi mjane wala kurithiwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kusema. Ahadi ya ndoa hukoma kwa mauti, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Warumi. Kwa hiyo mjane ni mtu huru, na mwanamume aingiaye nyumbani mwake pasipo ndoa ya kanisa ni mzinzi. Tena mrithi aghalabu alikuwa na mke wake, basi jambo likawekwa pamoja na mitala, ambayo Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888 ulikwisha kuikatalia ubatizo kwa waume wenye wake wengi. Mjane aliyerithiwa akatengwa na meza ya Bwana.

Nataka kuwa mwadilifu kwa mafundisho haya, kwa sababu siku hizi yamekuwa rahisi kuchekwa. Ndani yake mlikuwa na neno kubwa ambalo wajane walilisikia vizuri kuliko waume zao. Kuambiwa kwamba hatima yako haimo katika jina la marehemu, wala katika tumbo lako, bali wewe mwenyewe wajulikana na Mungu kwa jina lako na utafufuliwa kwa jina lako: hilo si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kuitwa mke wa kaburi. Masadukayo walimletea Yesu kisa cha mwanamke aliyerithiwa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine, wakamwuliza siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani. Mzungu aliyefundisha habari hiyo ilimpasa kwanza kuwaeleza wanafunzi wa kwao maana ya desturi yenyewe. Mjaluo hakuhitaji kuelezwa. Alilielewa swali kabla halijakwisha, na jibu la Yesu, kwamba katika ufufuo hakuna kuoa wala kuolewa, lilimgonga mahali penyewe.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa katika tumaini lililohubiriwa. Lilikuwa katika ghala. Kanisa la kale lilipowaambia wajane wasiolewe tena ikiwa hawataki, liliwapa na chakula. Waraka wa kwanza kwa Timotheo wataja orodha ya wajane, pamoja na umri wa kuandikwa humo, miaka 60. Kule Roma, katikati ya karne ya 3, Askofu Kornelio aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Na hapa hapa katika bara letu, Sipriano wa Karthago, akiwa mafichoni wakati wa mateso ya Kaisari Decius, aliwaandikia mapadre wake kuwakumbusha wajane, wagonjwa na maskini. Karne nyingi baadaye mjane wa kando ya ziwa alipewa amri ile ile ya uhuru, lakini orodha hakuiona. Shamba alilolima lilikuwa la ukoo wa mumewe. Akikataa mrithi, aliweza kuambiwa arudi kwao; akirudi kwao, watoto hubaki. Katekista alikuwa na kanuni mkononi, hana debe la mtama.

Padre mmoja wa Maryknoll, Michael Kirwen, aliliona jambo hili kwa macho ya mtu aliyekaa nalo. Alifanya utafiti kati ya Wajaluo, Wakuria, Wakwaya na Wasukuma wa Tanzania, na kitabu chake juu ya wajane wa Kiafrika kilitoka Marekani mwaka 1979. Hoja yake iliwatikisa wengi. Alisema kwamba kanisa limekosea jina la kitu: kurithiwa si ndoa ya pili wala si mitala, bali ni kuendelea kwa ndoa ile ile ya kwanza kwa njia ya mtu wa badala. Ikiwa ndivyo, basi mjane huyo hakuvunja ahadi yake, na kumnyima sakramenti ni kumwadhibu kwa kosa ambalo hakulitenda. Mimi nakubali nusu. Kirwen aliijua nia ya mila. Lakini nia ya mila na hali ya mwanamke mmoja mmoja si kitu kimoja. Mwanamke asiyemtaka jater hafarijiki kwa kuambiwa kwamba huyo si mume, ni kivuli cha mume.

Wengine hawakungoja vitabu. Uamsho wa walokole, uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, uliwapa wajane kitu ambacho misheni haikuwapa: ndugu. Waliookoka walikataa urithi wa wajane waziwazi, na yule aliyekataa alipata watu wa kumwita dada, kusimama naye mbele ya mashemeji, na pengine kushika jembe pamoja naye. Ulikuwa ukoo mpya juu ya ukoo wa zamani. Makanisa ya Kiafrika yaliyojitenga, kama Legio Maria ya mwaka 1963, nayo yaliwavuta wanawake wengi. Hata Kanisa Katoliki lilipata fundisho humo. Marie-France Perrin Jassy alichunguza makanisa hayo kati ya Wajaluo wa Mara ya Kaskazini, akaonyesha kwamba nguvu yao ilikuwa katika vikundi vidogo vya watu wanaojuana. Na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kazi ya kwanza ya uchungaji. Nyumba ya mjane iliyovuja, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na watu maalumu wa kuulizwa.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ile desturi iliyokuwa ngome ikageuka mlango wa mauti kwa mjane, kwa mrithi, na kwa mke wa mrithi. Ndugu wa marehemu waliogopa. Mahali pengine pakatokea warithi wa kukodiwa, wageni waliolipwa ili kutimiza mila usiku mmoja na kwenda zao. Sijui dharau kubwa kuliko hiyo kwa mila yenyewe, maana mtu wa badala alikuwa amewekwa ili akae.

Sheria ya nchi ilikuwa imekwisha kusema mapema. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilitaka ridhaa ya mjane kabla ya kurithiwa, lakini lilimnyima fungu katika mali ya mumewe, likamwachia matunzo ya watoto wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, ilimpa uhuru wa kukaa apendapo na kuolewa au kutoolewa na amtakaye, hata mila ikisema vingine. Tazama jinsi sheria hizo mbili zilivyorudia kosa lile lile la misheni: moja yampa uhuru, nyingine yamnyima nyumba ya kuutumia. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa katika nyumba za waume zao, walikwenda Mahakama Kuu wakashindwa mwaka 2006. Rufani yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati. Ni kamati ya Umoja wa Mataifa iliyowapa haki, mwaka 2015.

Narudi kanisani. Katika misa ya mkesha wa Noeli husomwa sura ya kwanza ya Mathayo, ule ukoo mrefu wa majina ambao watoto husinzia wakiusikiliza. Kabla ya Mariamu humo hutajwa kwa majina wanawake watatu tu, na wawili kati yao ni wajane: Tamari, aliyedai kwa hila haki ya kuzaa katika ukoo wa mumewe, na Ruthu, aliyechukuliwa na Boazi, jamaa wa marehemu, ili jina la marehemu lisipotee. Mjane aliyerithiwa hukaa kwenye benchi la nyuma akayasikia majina hayo. Saa ya komunyo ikifika, majirani zake husimama, naye huipinda miguu yake kando ili wapate kupita.